Diski Saba Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata barua. Nimeipata nyumbani kwangu, wakati wa chai, kutoka kwa mke wangu mwenyewe, ambaye pia ni katibu wa kwaya. Alinikabidhi kwa mikono miwili na kunitaka nitie sahihi kwamba nimeipokea. Nikamwambia mkono mmoja uko kwenye kikombe na wa pili kwenye mkate. Akasema katibu atasubiri. Na akasubiri!

Barua yenyewe: kamati imesikitishwa na hali ya meza ya rekodi. Jumamosi saa kumi itakuja kukagua. Isiporidhika, nyimbo zote za kwaya, za miaka ishirini na mitano, zitahamishiwa kwa jirani yetu tunayepakana naye ukuta, na yeye ndiye atakuwa Mtunza Rekodi.

Jirani huyo ni karani mstaafu wa posta. Anaimba besi, na anaiimba kwa kidevu. Tangu mwaka jana anatembea na diski moja ndogo kwenye mfuko wa shati. Akikutana na mwanakwaya yeyote huitoa na kumwambia kwamba nyimbo zetu zote zingeenea humo, kitu chenyewe kidogo kama biskuti. Ndiyo maana namwita Biskuti. Si mbele yake. Mbele yake namwita jirani, kwa meno yaliyobana.

Na kisa cha yote haya? Mama Mwenyekiti aliketi juu ya diski namba tano. Alikuja Jumapili kusikiliza wimbo, akavuta kiti, akaketi bila kuangalia. Mtu alikuwa mkunga maisha yake yote, haangalii anapokaa! Alipoinuka kwa kushtuka mguu ukanasa kwenye waya, na diski nyingine tatu zikamsindikiza hadi mlangoni. Hakuna iliyoharibika. Hilo barua haikulitaja.

Kompyuta haina kosa. Ni ndogo, unaibeba kwa kiganja kimoja. Ila tumbo lake nalo ni dogo, kwa hiyo nyimbo zinakaa nje, kwenye diski saba. Kila diski ina waya wa kuingia kwenye kompyuta, na nne zina waya wa pili wa umeme. Waya kumi na moja. Sikatai kwamba zinaonekana.

Nieleze jambo moja hapa na nisilirudie. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa fundi umeme wa majumba. Kazi yangu yote imefukiwa ndani ya kuta za watu. Seremala akimaliza kabati, wageni wanalipapasa. Mpakaji rangi anasifiwa hadi na watoto. Mimi nikimaliza, plasta inapigwa juu yangu, na watu hunikumbuka siku giza linapoingia. Cheo hiki cha rekodi ndicho kitu changu cha kwanza ambacho watu huja kukitazama. Mlangoni nimebandika kibao: Mtunza Rekodi. Hakibanduki!

Saa nane. Nimechukua hatua. Diski zote saba nimezipanga moja juu ya nyingine na kuzizungushia utepe wa umeme. Mnara! Meza ikabaki nyeupe. Nikakaa nikiutazama kwa raha zangu.

Saa tisa. Mnara umepata moto wa kupashia mkate. Diski ya katikati inalia kama kifaranga. Nimeufungua. Utepe umeacha gundi kila mahali. Sasa mtu akigusa diski moja, anaondoka nayo.


Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimezitundika diski chini ya meza kwa vipande vya bati. Kutoka mlangoni huoni kitu. Safi kabisa. Nikaketi kujaribu, goti likapiga namba mbili. Nikalisogeza, likapiga namba sita. Nimegundua kwamba ukikaa umefungua miguu, mmoja kaskazini na mwingine kusini, hugusi chochote. Mke wangu aliingia akanikuta hivyo. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema ninafanya kazi. Akasema basi kazi hiyo nisiifanye mbele ya kamati.

Halafu akageuka kuwa katibu. Alisema kamati inataka diski zihesabiwe na kuandikwa kwenye orodha, na kwamba atazichukua zote leo na kuzirudisha kesho jioni. Nikatia sahihi tena. Zimeondoka kwenye kikapu cha soko, zimefunikwa kwa kanga. Nimekuwa mtu wa kusaini kila kitu humu ndani.

Lakini! Nikiwa nimekaa mbele ya meza tupu, macho yakaangukia ukutani. Ukuta mpana, mtupu, hauna kazi yoyote. Nikajisikia mjinga. Miaka thelathini na mmoja naficha waya za watu, na zangu nahangaika kuzifunga kwa bati! Diski zitaingia ukutani. Zote saba. Kitatoka kijiwaya kimoja tu, nyuma ya kompyuta, na hicho hakitaonekana.

Biskuti aweke yake mfukoni. Sisi mafundi tuna nyumba nzima.


Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ametoka saa tatu. Saa tatu na dakika mbili nilikuwa na tindo mkononi.

Nimechimba shimo la upana wa mto wa kulalia. Mkono haujasahau. Mfereji wa waya umenyooka kiasi kwamba nilisimama mara mbili kuutazama. Vumbi limeingia kwenye chai, kwenye viatu, na kwa njia nisiyoielewa, ndani ya jokofu.

Nilipofika kina cha kiganja, nilianza kumsikia Biskuti. Namsikia vizuri ajabu. Nilisikia anakoroga chai, nikahesabu: vijiko vitatu vya sukari, na kwenye mikutano anajisifu kwamba ameacha. Akakohoa. Nikamwambia pole. Akajibu asante. Kisha kijiko kikaacha kukoroga.

Hii inaonyesha kwamba ukuta unapitisha sauti vizuri. Kwa rekodi za muziki ni jambo jema. Nimeongeza kina cha vidole viwili ili diski zisibanane.

Jioni mke wangu amerudi na kikapu. Diski saba, hesabu kamili, na gundi imefutwa. Nilikuwa nimeshasukuma kabati mbele ya shimo. Aliliangalia kabati. Akauliza kama kuna jambo ambalo katibu anapaswa kulijua. Nikasema hakuna. Akauliza kama kuna jambo ambalo mke anapaswa kulijua. Hilo nililifikiria kidogo zaidi. Nikasema hakuna.

Alipangusa vumbi kwenye nyusi zangu kwa kidole, akaenda zake jikoni.


Alhamisi, 6 Machi

Zimeingia! Kila diski nimeivisha mfuko wa plastiki na kuufunga kwa utepe, isipate unyevu wa plasta. Nani mwingine angefikiria hilo? Biskuti? Nimetia soketi ndani kwa ndani, na kiunganishi cha kukusanya diski zote kwenye kijiwaya kimoja. Waya nimezilaza sambamba, kila mmoja na kibano chake, kona zote za mraba. Nilitamani mtu apite azione. Hakupita mtu. Nikaweka kipande cha ubao, nikapiga plasta juu.

Kabla ya kupiga plasta nilijaribu wimbo mmoja. Ulitoka vizuri. Nikasimama mbele ya ukuta mikono kiunoni, nikaimba sauti ya kwanza peke yangu, mimi niliyepewa nafasi ya kushika makabrasha kwa sababu sijui kuimba.

Mke wangu alisema chumba kinanuka saruji. Nikamwambia pengine ni jirani anajenga. Nikasikia Biskuti akisema, kutoka ukutani, kwamba yeye hajengi.


Ijumaa, 7 Machi

Rangi. Nilipaka sehemu ya plasta peke yake, ikawa kama kiraka kwenye suruali. Nikapaka ukuta wote. Kuta nyingine tatu zikaonekana chafu. Nimepaka zote. Mgongo wangu umegoma, ila chumba kinang'aa kama chumba cha maharusi.

Jambo moja dogo. Rangi ya ukuta ule imekauka upesi mahali pamoja, mraba kamili, wakati kwingine kote bado inanata. Ukiweka kiganja hapo pana uvuguvugu. Ukiweka sikio, kuna mngurumo.

Mke wangu ameusikia. Nilimwambia ni jokofu. Akanikumbusha kwamba jokofu liko jikoni. Nikamwambia sauti husafiri. Aliniuliza diski ziko wapi. Nikasema ziko mahali pake. Akauliza mahali pake ni wapi. Nikasema Mtunza Rekodi atajibu maswali ya kamati kesho saa kumi, na kama katibu ana swali alete barua.

Ametabasamu. Kwa nini ametabasamu? Sikupenda lile tabasamu.

Hata hivyo: meza ni kompyuta na skrini tu, basi. Nimeweka na kitambaa. Kesho nawakata maini.


Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa. Sipunguzi na siongezi.

Saa kumi kamili kamati ilifika. Mama Mwenyekiti mbele, mke wangu nyuma yake na daftari, na mweka hazina, ambaye haongei. Biskuti hakuja nao. Alibaki kwake kuandaa chumba, kwa kuwa wangekwenda kukagua cha kwake baada ya changu. Kuandaa! Mtu mwenye diski moja anaandaa nini?

Mama Mwenyekiti alisimama mlangoni, akashika kifua. Akasema mwanangu, hapa ndipo nilipokaa Jumapili ile? Nikasema ndipo. Akakitazama kiti kwanza, akapitisha mkono juu yake, akaketi. Akauliza diski ziko wapi. Nikasema zipo, zinafanya kazi, ila hazisumbui mtu. Akainama kuchungulia chini ya meza. Akafungua droo. Akainua kitambaa. Mweka hazina naye akachungulia nyuma ya pazia. Nilivimba kichwa, nakiri.

Kisha akataka kusikia wimbo wa kwanza kabisa wa kwaya, wa mwaka ule tulipoanza watu tisa. Nikabonyeza. Ukatoka! Sauti zile za ujana wetu zikajaa chumbani. Mama Mwenyekiti akafumba macho, akaanza kuufuatisha taratibu. Mke wangu akaacha kuandika. Nilijiambia, kibao hakibanduki ng'o.

Ndipo ikasikika ko.

Halafu ko, ko.

Wimbo ukasita katikati ya neno. Ukasema lile neno nusu mara nne, ukanyamaza. Ukuta ukatoa sauti ya kusaga, kama mtu anatafuna mchanga. Mama Mwenyekiti akafumbua macho. Na pale kwenye rangi yangu mpya, usawa wa macho yake, ikachomoza ncha ya msumari.

Sote tuliitazama. Ikapigwa ko nyingine, ikaongezeka.

Nikapaza sauti nikamwambia jirani aache. Sauti yake ikaja kana kwamba yuko chumbani, akiuliza kuna nini, maana yeye anatundika picha ya kwaya ili kamati ikifika kwake iione. Nikamwambia ametoboa diski namba moja. Akauliza diski gani iko ukutani mwake. Nikasema ni ukuta wangu. Akasema ni wa pamoja. Mama Mwenyekiti akauliza kwa upole, upole wa mkunga anayeona mambo yameharibika, kama ninamaanisha kwamba diski zimo humo ndani.

Ningefanya nini? Harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imeanza kutoka. Nikazima umeme wa nyumba nzima, nikachukua tindo. Niligonga mara tatu. Ya nne haikuhitajika. Plasta ilianguka, ubao ukaanguka, kipande cha ukuta wa nyuma kikaanguka, na katikati ya vumbi, nyuma ya diski zangu, ukaonekana uso wa Biskuti. Alikuwa na nyundo mkononi na misumari miwili mdomoni.

Akasema hodi.

Mke wangu, nimwonaye siku zote na nisiyemjua hata kidogo, akamwambia karibu.

Hesabu ya hasara. Namba moja: imetobolewa katikati. Namba mbili na namba tatu: zimejipika ndani ya mifuko yake. Nyingine zinapumua. Nyimbo za miaka kumi ya mwanzo zimekufa. Nilikaa kwenye kiti cha wageni. Ule wimbo wa watu tisa, watatu kati yao hatunao tena. Na mimi ndiye niliyeukabidhi kwa plasta.

Ndipo katibu alipofungua daftari lake na kusoma, kwa sauti ya kikao. Kwamba siku ya Jumanne na Jumatano diski zote saba zilinakiliwa nzima, kwa jirani, kwenye diski moja. Kwamba hakuna wimbo hata mmoja uliopotea. Kwamba alifanya hivyo kwa tahadhari, kwa kuwa anamfahamu Mtunza Rekodi kwa miaka thelathini na minne.

Biskuti akapitisha mkono kwenye tundu, akaionyesha. Ile ya mfukoni.

Nilifurahi. Iliniuma vibaya sana. Yote mawili kwa pamoja, na siwezi kusema lipi lilitangulia.


Jumapili, 9 Machi

Kamati ilimalizia kikao chake jana palepale, wao upande huu, Biskuti kule, wakipitishiana chai kwenye tundu. Uamuzi: rekodi zinahamia kwa Biskuti. Mtunza Rekodi ni yeye. Nilibandua kibao mwenyewe, kwa bisibisi. Sikukubali anisaidie mtu.

Ila kuna hili, nalo lazima niliandike vizuri.

Walipokuwa wanaondoka, Mama Mwenyekiti alirudi ukutani. Akavaa miwani. Akaingiza kichwa chote ndani ya shimo, akakaa humo muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye waya mmoja hadi mwisho, kwenye kona, hadi kwenye kibano. Alipotoa kichwa, nywele zimejaa saruji, akaniambia kwamba hajawahi kuona waya zimelazwa kwa ustadi namna hii. Akasema inapendeza hata kuifunika ni dhambi. Akamwita mweka hazina aje aone. Mweka hazina, ambaye haongei, alisema ah.

Watu wamechungulia ndani ya ukuta wangu. Wamesema inapendeza! Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba, nikakaa huko mpaka macho yakatulia.

Leo tumeziba ule upande wa nyuma, Biskuti akishikilia ubao kwake, mimi nikipiga plasta kwangu. Aliniomba radhi kwa ule msumari. Nikamwambia nimemsamehe. Akangoja na mimi niombe radhi kwa ukuta. Nikamwambia asogeze ubao kushoto. Ukuta haukuwa na kosa. Msumari ndio uliokosea njia. Ningekuwa nimeambiwa mapema kwamba mtu ana picha ya kutundika, yote haya yasingetokea.


Jumatatu, 10 Machi

Barua nyingine. Chai ileile, mikono miwili ileile.

Kamati imeona kwamba si busara nyimbo zote kukaa nyumba moja. Kwa hiyo imeunda cheo kipya, Mtunza Nakala, na imeniteua mimi. Nimepewa diski moja, ndogo, nyeusi. Masharti ni mawili. Ikae juu ya meza. Ionekane wakati wote.

Nimetia sahihi kabla hajaomba. Mke wangu aliniweka mkono begani, akasema anafurahi limekwisha, kwamba meza sasa imependeza na mimi nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza sana. Ametoka saa nane kwenda mazoezini, atarudi saa kumi na moja.

Saa nane na nusu. Kompyuta moja, diski moja. Na waya. Waya mmoja tu, mfupi, lakini una mkunjo. Umekaa pale mezani kama mguu wa panzi. Nimeugeuza kulia, nimeugeuza kushoto. Mkunjo uko palepale. Watu wakija watatazama nini? Mkunjo!

Saa tisa. Nimesoma upya masharti. Ionekane wakati wote. Hayo ndiyo maneno, na mimi si mtu wa kuvunja masharti. Kosa la ukuta halikuwa kuchimba. Kosa lilikuwa kufunika. Mama Mwenyekiti alisema mwenyewe kwamba kufunika ni dhambi, na kuna shahidi, mweka hazina alisema ah.

Kwa hiyo ni sakafu. Vigae viwili tu, hapa miguuni pa kiti cha wageni. Mfereji ulionyooka, waya umelazwa na vibano vyake, diski katikati, taa ndogo pembeni ili waone vizuri. Juu yake kioo badala ya plasta. Meza sitaiacha hivihivi, nitaweka karatasi yenye mshale unaoelekeza chini. Mgeni anaingia, anasimama, anatazama kati ya miguu yake, anaona kazi. Tena sakafuni hakuna mtu anayetundika picha.

Saa tisa na robo. Kigae cha kwanza kimetoka kizima. Cha pili kimetoka.

Kuhusu uimara, Mama Mwenyekiti ni mtu wa uzito wa kawaida. Kioo cha dirisha la bafuni kinaenea pale bila kukatwa. Nimeshakichomoa.